Mkuu, usijiandikishe hiyo AAS kabla hujasoma hapa: krediti kupokelewa si kuhesabiwa

Simama kwanza. Umeandika kwamba una miezi minne Texas, umekuja kwa grini kadi, unafanya kazi ya CNA (msaidizi wa muuguzi), na wiki ijayo unajiandikisha AAS (Associate of Applied Science, shahada ya miaka 2 ya ufundi) ya mitandao ya kompyuta kwenye chuo cha jamii, yaani community college. Miaka 2 hapo, halafu unahamia chuo kikuu cha serikali, miaka 2 mingine, umemaliza digrii ya sayansi ya kompyuta. Umeuliza mambo manne. Mimi nitashika lile la krediti, yaani vipimo vya kozi ulizomaliza, kama zitahama nawe, kwa sababu njia hiyohiyo nimeipita, AAS hiyohiyo, na nimesoma swali lako mara mbili usiku huu nikashindwa kulala.

Nilimaliza AAS nikiwa na krediti 60, alama zangu karibu zote A na B, huku napiga shifti za usiku kwenye nyumba ya wazee. Barua ya chuo kikuu ikaja: krediti zote 60 zimepokelewa. Nikampigia mama Morogoro, nikamwambia nusu ya digrii ninayo mkononi, maana digrii ya kwanza huku kwa kawaida ni krediti 120. Mama akawaita majirani.

Wiki tatu baadaye nikaketi na mshauri wa idara ya sayansi ya kompyuta. Akafungua orodha ya masharti ya digrii kwenye kompyuta yake, akaigeuzia kwangu. Katika zile 60, zilizoingia kwenye digrii yangu zilikuwa 12. Kumi na mbili! Kiingereza, saikolojia, falsafa, na kozi ya kuzungumza mbele ya watu. Nyingine 48 zilikuwa zimerundikwa chini kabisa ya ukurasa, kwenye fungu la kozi za hiari, na digrii ile haikuwa na nafasi ya kozi ya hiari hata moja.

Elewa kilichotokea hapo, kwa sababu hakuna atakayekueleza siku ya kujiandikisha. Kupokelewa ni ofisi ya udahili kusema, "tumeona ulisoma, tumeandika kwenye kumbukumbu." Kuhesabiwa ni idara yako kusema, "kozi hii inafuta ile uliyotakiwa kuisoma kwetu." Ofisi mbili, maamuzi mawili. Ni sawa na kufika kiwanjani na lori la matofali, fundi akakuruhusu uyashushe, halafu ukakuta ramani ya nyumba haina ukuta unaotumia tofali la aina ile. Matofali ni yako, yapo, mvua inayanyeshea, na nyumba haijapanda hata kozi moja.

Na kwa nini AAS hasa? Kwa sababu herufi ya kati ni "Applied". Imeundwa ikupeleke kazini, haikuundwa ikupeleke chuo kikuu. Sehemu kubwa ni kozi za ufundi, na kozi za elimu ya jumla, kama Kiingereza, hisabati na saikolojia, zinaweza kuwa krediti 15 tu. Zangu zilikuwa 15 kamili. Texas ina madaftari mawili ya kozi za vyuo vya jamii: moja la kozi za kitaaluma, linaitwa ACGM, na jingine la kozi za kazi, WECM. Kozi za ACGM ndizo zilizotengenezwa kwa ajili ya kuhama. Kozi za WECM, chuo kikuu hakina wajibu wa kuzihesabu. Fungua huo mpango wako wa AAS sasa hivi utazame vifupisho. Ukiona ITNW, ITSC, CPMT, hizo ni za kazi. Ukiona COSC (sayansi ya kompyuta), MATH, PHYS, ENGL, hizo ni za kitaaluma. Na namba zenyewe zinasema: COSC 1436, tarakimu ya kwanza ni mwaka wa kwanza, ya pili ni krediti 4. Dakika kumi za kusoma vifupisho zingeniokolea miaka.

Utasema, mbona za elimu ya jumla zilikuwa 15 na zimehesabiwa 12? Hisabati. Niliwekwa kwenye MATH 1332, hisabati ya jumla, nikaambiwa "hii ni nyepesi, itakupa A." Kweli ilinipa A. Lakini sayansi ya kompyuta inataka kalkulasi, MATH 2413 na 2414, na ile 1332 haikupeleki huko hata ukiipata kwa asilimia mia.

Hata hivyo kilichoniumiza zaidi ya ada ni mnyororo. Kozi za fani hii zimefungana: COSC 1436, halafu 1437, halafu 2436, na huwezi kuruka. Kalkulasi nayo ina ngazi zake za aljebra na trigonometria kabla hujaigusa. Kwa hiyo nilifika chuo kikuu nikiwa na krediti 60 kwenye karatasi na sina hata kozi moja ya kufungua mnyororo. Nilikuwa mtu wa mwaka wa kwanza mwenye madeni ya mtu wa mwaka wa tatu. Na ile ruzuku ya serikali, Pell, ina kikomo cha mihula 12 maisha yako yote. Mihula niliyoitumia kwenye kozi zisizohesabiwa haikurudishwa. Digrii ya miaka 4 ilinichukua 7. Binti yangu alizaliwa katikati, akaja kwenye mahafali akitembea mwenyewe, akikimbia kabisa.

Sasa, nani aliniambia "krediti ni krediti, zote zinahama"? Wa kwanza ni dada mmoja muuguzi kwenye kikundi chetu cha Watanzania. Huyo simlaumu. Kwake ilikuwa kweli! Wauguzi wengi wa Texas wanasoma AAS ya uuguzi, wanafanya mtihani wa leseni, halafu wanaingia programu za RN kwenda BSN (kutoka muuguzi mwenye leseni hadi digrii ya kwanza ya uuguzi) ambazo zimejengwa makusudi kupokea AAS ile. Alipita daraja lililopo, akadhani mito yote ina daraja. Hapa kwenye uzi wako nimeona watu watatu wanakushauri hivyohivyo, na nadhani wote ni watu wa hospitali. Ndugu zangu, nawaheshimu, lakini semeni fani yenu kabla ya kumshauri mtu wa fani nyingine.

Wa pili ndiye ninayemkasirikia mpaka leo. Mshauri wa chuo cha jamii, mtu analipwa mshahara kwa kazi hiyo. Nilimwambia kwa kinywa changu, "nataka sayansi ya kompyuta, chuo kikuu." Akatikisa kichwa, akaniandikia AAS ya mitandao kwa sababu darasa lilikuwa na nafasi za jioni. Nikauliza, zitahama? Akajibu, "ndiyo, zinahama." Neno moja, kachukua kikombe cha kahawa, kaenda kwa mwanafunzi mwingine. Mtu akiniambia tena "zote zinahama," nitamhamisha yeye kwanza. Na msiniulize kwa nini sikuuliza zaidi. Nilikuwa nimetoka shifti saa moja asubuhi, na kwetu mtu mwenye ofisi na beji akisema ndiyo, ni ndiyo.

Wala si mimi peke yangu. Mwaka 2017 ofisi ya uwajibikaji ya serikali ya Marekani, GAO, ilikadiria kwamba wanafunzi waliohama vyuo kati ya 2004 na 2009 walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao. Karibu nusu ya jasho la watu.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nitairudia hadi uchoke: anzia chuo kikuu, rudi nyuma. Kabla hujalipa hata dola, chagua chuo kikuu na fani, chukua mpango wa digrii ile kozi kwa kozi, kisha mwandikie imeli mshauri wa idara yenyewe. Si udahili, idara. Muulize hivi: "Kozi hizi, namba hizi, za chuo hiki, kila moja itafuta kozi gani kwenye digrii yenu?" Usiulize "mtazipokea?" Watazipokea. Uliza itafuta nini. Jibu liwe la maandishi, ulihifadhi, na silabasi za kila kozi uzihifadhi pia, kwa sababu ukipinga uamuzi baadaye, silabasi ndiyo shahidi wako.

Ukifanya hivyo utaona mwenyewe kwamba unachohitaji ni AS (Associate of Science, ile ya kitaaluma ya kuhamia chuo kikuu), si AAS. Ndani yake malizia elimu ya jumla ya Texas, krediti 42, maana ukiimaliza yote, chuo kikuu chochote cha umma cha jimbo hili lazima kiipokee kama fungu zima. Hisabati anza muhula wa kwanza kabisa, hata kama unaanzia chini. COSC 1436 mapema. Usishushe alama chini ya C, mara nyingi D haihami. Na usirundike krediti nyingi mno kwenye chuo cha jamii, vyuo vikuu vingi huku vinaishia kuhesabu 66.

Kama umeshaanza AAS na huwezi kurudi nyuma, kuna digrii ya BAAS (Bachelor of Applied Arts and Sciences, digrii ya kwanza) ambayo inameza kozi za ufundi vizuri. Mimi nilipewa nafasi hiyo, nikakataa kwa sababu nilitaka kuandika programu. Ni digrii halali, watu wanapandishwa vyeo nayo. Lakini iwe umeichagua, usije ukaangukia humo.

Naona uliuliza pia matokeo ya kidato cha sita yanathaminiwaje, na kama mtu anaweza kubeba shifti 5 na kozi 4 kwa pamoja. Hayo waliopitia karibuni watakujibu, mimi nimeshachelewa kazini. Wewe leo niwekee hapa orodha ya kozi walizokuandikia, na namba zake. Nikitoka shifti asubuhi nitazipitia moja moja kabla dirisha la kujiandikisha halijafungwa.