Tundika Kanga Kabla ya Kulipia Spika

Sebule yangu iko Ngamiani, hapa Tanga, na ina kuta za matofali ya saruji, sakafu ya vigae na madirisha ya vioo. Nilipopata kiinua mgongo niliagiza kutoka Dar es Salaam jozi ya spika za hali ya juu zilizokwisha kutumika, na usiku wa kwanza tu nikabaini kwamba besi ikishuka chini kabisa chumba kinavuma kama pipa tupu, maneno ya mwimbaji yakazama. Muuzaji mmoja aliniambia kasoro ni waya wa spika, akaniuzia mwingine mnene kama kidole gumba, uliovishwa kitambaa cha kusukwa, kwa shilingi 180,000. Niliufunga, nikakaa kitini, na wallahi nikasikia sauti imetakata.

Mpwa wangu hakusadiki. Alitundika kanga mbili za mama yake mbele ya meza ya amplifaya, akawa anabadilisha waya huo na waya wa kawaida wa dukani, pengine akijifanya kubadilisha na kumbe hakugusa kitu, huku mimi nikitaja upi unaopiga. Katika mara kumi nilipatia tano, sawa na mtu anayerusha shilingi hewani.

Nilipoanza kusoma nikakuta kwamba mchezo huo wa kanga ndio msingi wa utafiti wa maana uliofanywa kuhusu spika. Floyd Toole, aliyekuwa mtafiti wa Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada mjini Ottawa, alianza tangu miaka ya 1960 kuwaketisha wasikilizaji mbele ya pazia linalopitisha sauti, kisha akalinganisha alama walizotoa na vipimo vilivyochukuliwa katika chumba kisicho na mwangwi. Wengi tungedhani kila mtu atachagua kwa ladha yake, lakini macho yalipofungiwa wasikilizaji walielekea kukubaliana: walipenda spika ambayo masafa yake, yaani sauti zake kuanzia besi hadi zile nyembamba, yametandazika sawasawa, bila vilima wala mashimo, na ambayo sauti inayotoka ubavuni inafanana na ile inayotoka mbele. Mwaka 1994 yeye na Sean Olive, wakiwa katika kampuni ya spika ya Harman, walionyesha kwamba wasikilizaji wao walipoziona spika waliziongezea alama zile kubwa na za bei, nao walikuwa wafanyakazi wa kampuni hiyo hiyo. Tangu nisome habari hiyo sijioni tena mjinga peke yangu.

Hilo la ubavuni ndilo wanunuzi wengi hawaliulizi, nami nalishikilia kuliko jingine lolote. Sehemu kubwa ya sauti unayoisikia sebuleni imekwisha kugonga ukuta, dari au kioo kabla ya kukufikia, kwa hiyo spika iliyo safi mbele na iliyopotoka pembeni itakuletea upotofu huo kwa njia ya ukuta. Mhandisi hulirekebisha kwa kuchagua ni katika masafa gani kipaza kikubwa kilichomo ndani ya spika kinakiachia kazi kipaza kidogo cha sauti nyembamba, na kwa umbo la uso wa sanduku. Jambo hilo humlazimu apime kwa pembe nyingi kuzunguka spika, na ndiyo kazi ninayokubali kuilipia.

Chumba, hata hivyo, hakimo ndani ya sanduku. Sauti husafiri karibu mita 345 kwa sekunde katika joto letu, na sebule yangu ina urefu wa mita 4; ukigawanya 345 kwa mara mbili ya urefu huo unapata mitetemo 43 kwa sekunde, sauti ambayo chumba hicho huivumisha chenyewe, jirani kabisa na waya mnene wa gitaa la besi, ambao hutetema karibu mara 41. Kumbe ukuta wangu ulikuwa ukiitikia besi! Nilizitoa spika pembeni, nikazisogeza karibu mita moja kutoka ukuta wa nyuma, nikakivuta na kiti changu kutoka ukutani, na mvumo ukapungua siku hiyo hiyo bila senti moja. Mwangwi wa sauti za juu niliutuliza kwa zulia na kwa godoro la sufi lililosimamishwa nyuma ya kabati. Mke wangu alicheka sana, ingawa mwanafizikia Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, miaka ya 1890, alikuwa akihamisha mito ya viti kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine usiku ili apime jinsi inavyomeza mwangwi, na hesabu zake zikatumika kujenga ukumbi wa muziki wa Symphony Hall mjini Boston iliyofunguliwa mwaka 1900.

Basi ukienda kununua, mwombe muuzaji mchoro wa vipimo vya mbele na vya pembeni, na akikuonyesha mstari mmoja tu ulionyooka kama rula, uliza umepimwa wapi. Kisha nenda na mtu unayemwamini, na kanga. Hakikisheni spika mnazolinganisha zinapiga kwa nguvu sawa, mkitumia kipimo cha sauti cha kwenye simu, kwa sababu ile inayopiga juu kidogo hudhaniwa bora. Tena sikio letu huidhoofisha besi sauti ikiwa ndogo, kama watafiti Fletcher na Munson walivyoonyesha mwaka 1933. Tumia wimbo unaoujua mpaka pumzi za mwimbaji, na uandike alama zako kabla kanga haijashushwa.