Magofu ya Wamaya na kuogelea kwenye senote: maswali yenu kuhusu safari ya siku moja Yucatán

Tangu safu hii ilipogusia fukwe za Cancún, Meksiko, maswali mengi yanayoingia yanahusu kitu kimoja: ile safari ya siku moja inayouzwa kila kona ya mji, ya kwenda kuona magofu ya Wamaya, wenyeji wa rasi ya Yucatán, kisha kuogelea kwenye senote, yaani shimo la maji matamu lililozungukwa na mwamba. Baadhi ya barua nimezifupisha, na zilizofanana nimezijibu pamoja.

Mimi na mume wangu tutakuwa Cancún siku tano, na magofu tumeyatengea siku moja. Kuna safari ya vituo viwili na kuna ya vituo vinne, na hiyo ya vinne ndiyo rahisi! Tuchague ipi? (Mama Wawili, Houston)

Chukueni ya vituo viwili, dada, wala tofauti ya bei isiwaume. Kutoka Cancún hadi Chichén Itzá, magofu yanayotembelewa na safari hizo, ni kama kilomita 200, saa mbili na nusu kwa barabara ya kulipia, na hapo ni kwenda tu. Basi la bei rahisi huanza kwa kuzunguka hoteli moja baada ya nyingine kuokota abiria. Njiani husimama kwenye duka kubwa la vinyago na vito, nanyi mtakaa humo mpaka mchoke kushikashika bidhaa. Kisha chakula. Kisha senote kwa dakika 40, na ndani ya dakika hizo hizo kuna foleni ya makabati na foleni ya majaketi ya kuelea. Magofu mnayafikia mchana, jua la utosini, watu wamejaa. Kituo cha nne, mji wa Valladolid, mtauona dirishani. Na kama mnajiuliza bei imeshukaje, jibu liko kwenye lile duka.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji ni saa. Jimbo la Quintana Roo, lenye Cancún, liko saa moja mbele ya jimbo la Yucatán, lenye Chichén Itzá. Geti hufunguliwa saa 2 asubuhi kwa saa za Yucatán, ambayo Cancún ni saa 3. Mkitoka hotelini saa 12 alfajiri mtafika geti halijafunguliwa bado, na mtapata muda mzuri wa kutembea kabla mabasi makubwa hayajaanza kumwaga watu. Saa hiyo mnayopewa asubuhi mtairudisha jioni, kwa hiyo msipange miadi ya chakula cha usiku Cancún. Mwulizeni muuzaji: tunafika getini saa ngapi, na kwa saa za wapi? Akisema saa 5, mwageni kwa adabu.

Mkiweza kulala usiku mmoja Valladolid, hata safari ya kuuziwa hamtaihitaji. Ni kilomita 45 hivi kutoka magofuni, na magari madogo ya abiria yanakwenda na kurudi.

Kwa nini kila mtu anasema Chichén Itzá? Tulum na Cobá zina kasoro gani? (Kijana wa Toronto)

Hazina kasoro, zinatofautiana tu. Tulum iko juu ya genge la bahari, imezungukwa na ukuta, na Wahispania waliiona ikiwa bado na watu walipopita pwani hiyo mwaka 1518. Ni ndogo, na picha zake ni nzuri kuliko maelezo yake. Cobá iko msituni, piramidi yake ya Nohoch Mul ina urefu wa mita 42, na kutoka hapo ilijengwa barabara ya mawe meupe ya karibu kilomita 100 kwenda Yaxuná. Anayependa kivuli na nafasi aende Cobá.

Mimi ningekwenda Ek Balam, kaskazini ya Valladolid, kwa sababu ya kaburi la mfalme Ukit Kan Le'k Tok'. Mlango wake umefinyangwa kwa lipu kama kinywa cha jitu lililotoa meno, na sanamu zake bado zimesimama kana kwamba fundi ameondoka juzi. Lakini kwa mtu wa mara ya kwanza mwenye siku moja tu, bado nasema Chichén Itzá. Mji ule ulistawi takriban kati ya karne ya 9 na ya 12, na mengi utakayoyakuta kwingine utayaelewa ukiwa umeuona huo.

Piramidi inapandwa? (Wengi)

Ya Chichén Itzá haipandwi tangu 2006. Simama chini, mbele ya ngazi, upige makofi: mwangwi unarudi kama mlio wa ndege. Ngazi ziko pande nne, 91 kila upande, jumla 364, na jukwaa la juu linakamilisha siku 365 za mwaka. Alasiri ya siku za ikwinoksi, yaani siku za Machi na Septemba ambazo mchana na usiku hulingana, kivuli huteremka ukingoni mwa ngazi kama nyoka mpaka kwenye kichwa cha jiwe kilichoko chini. Siku hizo umati wake sikutakii.

Nimesoma kwamba Wamaya walikuwa wakitupa mabikira kwenye visima hivyo kama kafara. Kweli? Na sisi tunaogelea humo humo? (Binti wa Mombasa, anayesoma Uingereza)

Mwanangu, hofu yako ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo inastahili kuelezwa vizuri.

Kwanza, hutaogelea kwenye Senote Takatifu. Hiyo iko ndani ya eneo la magofu, mwisho wa njia iliyojengwa kwa mawe, ina upana wa kama mita 60, maji yake ni ya kijani kizito, na watu huishia kuitazama. Mabasi huwapeleka watu kuogelea kwingine, mara nyingi Ik Kil, kilomita chache kutoka hapo.

Pili, habari ya mabikira. Mwaka 1904 Mmarekani Edward Thompson, aliyekuwa konsuli na alikuwa amelinunua shamba lenye magofu hayo, alianza kulikwangua tope la Senote Takatifu kwa mtambo. Alitoa dhahabu, jade, ubani, vyungu na mifupa ya watu, na sehemu kubwa ya vitu hivyo alivipeleka Chuo Kikuu cha Harvard bila ridhaa ya Meksiko. Magazeti yakaitaka hadithi ya mabinti warembo. Mifupa ilipochunguzwa ilikutwa ya wanaume, wanawake na watoto, wengi watoto. Kafara zilikuwepo, hadithi ya mabikira ni pambo la wauza magazeti.

Tatu, na hapa ndipo ninapompima mwongoza watalii. Mwaka 1967 karibu na senote hiyo lilifunuliwa birika la chini ya ardhi lenye mabaki ya watoto zaidi ya 100. Mwaka 2024 watafiti walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya vinasaba vya 64 kati yao. Wote walikuwa wavulana. Angalau robo yao walikuwa na ndugu wa karibu humo humo, na walimo mapacha wa kufanana jozi mbili, jambo linalowakumbusha wataalamu wale mapacha mashujaa wa simulizi za Wamaya. Watafiti wakavilinganisha vinasaba hivyo na vya wakazi wa kijiji cha leo cha Tixcacaltuyub, wakakuta uzao umeendelea. Mwongozaji anayekwambia "Wamaya walitoweka" huku mama anayekuuzia maji getini anaongea Kimaya na mwanawe, huyo amekariri. Wanaoongea Kimaya cha Yucatán leo ni zaidi ya laki saba, na wako wakulima ambao mvua ikichelewa bado humfanyia ibada Chaac, mwenye mvua, ambaye makao yake ni mapango na senote.

Ndiyo maana sipendi safari inayoifanya senote kuwa bafu baada ya jasho la magofu. Kaskazini mwa rasi ya Yucatán hakuna mito juu ya ardhi. Mvua inazama moja kwa moja kwenye mawe ya chokaa, inayamung'unya chini kwa chini mpaka mapango yanatokea, na dari likiporomoka, senote imezaliwa. Mji ulijengwa pale kwa sababu maji yalikuwa pale. Mwaka 2015 wataalamu wa UNAM, chuo kikuu cha taifa cha Meksiko, walitangaza kwamba vipimo vyao vinaonyesha pango la maji chini ya piramidi yenyewe. Mwombe mwongozaji wako akuelezee maji kabla hajakuelezea piramidi. Waongozaji wenye leseni huvaa kitambulisho cha mamlaka ya utalii shingoni, na unaweza kumwajiri mmoja pale pale getini.

Sijui kuogelea. Nibaki nje na mikoba? (Shangazi, Minneapolis)

Usibaki, shangazi. Senote nyingi zinazopokea watalii siku hizi zinalazimisha jaketi la kuelea, hata kwa waogeleaji hodari. Ik Kil iko kama mita 26 chini ya usawa wa ardhi, na kina cha maji ni zaidi ya mita 40, kwa hiyo usitafute sakafu kwa mguu. Funga mikanda yote ya jaketi, shuka kwa ngazi, shika kamba, jilaze chali. Maji yana nyuzi 24 au 25, mwanzo utaguna. Wanaoruka kutoka kwenye jukwaa waachie waruke.

Nimesuka rasta juzi na nimezipaka mafuta. Wataniruhusu kuingia? Na mafuta ya kuzuia jua? (Bibi Harusi Mtarajiwa, Nairobi)

Utaingia, baada ya kuoga. Kabla ya senote kuna bomba la mvua, na wasimamizi wanasimama hapo kwa sababu maji hayo ndiyo yale yanayotembea chini ya ardhi kwenda vijijini na baharini. Krimu ya jua, dawa ya mbu, losheni, mafuta ya nywele: vyote huoshwa. Ushauri wangu ni usijipake kabisa asubuhi hiyo. Vaa mikono mirefu na kofia pana magofuni, rasta zifunge juu, na mafuta yasubiri hoteli. Na kausha vizuri kabla ya kulala. Rasta zilizolala mbichi unazijua mwenyewe.

Nataka kumpeleka mama yangu, miaka 72, magoti yanamsumbua. (Mtoto wa Mwisho, Muscat)

Mpe shikamoo zangu. Chichén Itzá ni tambarare, lakini ni pana na kivuli ni cha kubahatisha, kwa hiyo fikeni mapema na kwa mwendo wake. Shida ni senote: ngazi za mawe zenye maji, mteremko mrefu, na kupanda tena ukiwa umelowa. Zipo senote za wazi zenye ngazi chache. Uliza kabla ya kulipa. Kwa mama mimi ningebadilisha mpango mzima, nimpeleke Cobá, ambako kuna baiskeli za magurudumu matatu zenye dereva. Anakaa mbele kama malkia, wewe unatembea nyuma.

Viza je, kwa pasipoti ya Tanzania? (Watatu wameuliza)

Mtanzania anahitaji viza ya Meksiko, na Mkenya vilevile. Ila mwenye viza hai ya Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au nchi za Schengen, au mwenye ukaazi wa kudumu huko, huingia kwa utalii bila viza ya Meksiko. Asiye navyo aombe ubalozi wa Meksiko ulioko Nairobi, unaowahudumia Watanzania pia. Masharti hubadilika, thibitisheni kabla ya kukata tiketi.

Chakula cha mchana kimejumuishwa. Sisi hatuli nguruwe. (Familia ya Leicester)

Muwe macho, maana chakula maarufu cha Yucatán, cochinita pibil, ni nguruwe aliyeungwa kwa machungwa machachu na achiote, kiungo chekundu cha mbegu, akafungwa kwenye majani ya mgomba na kuivishwa ardhini. Poc chuc nayo ni nguruwe. Hata maharage yanayoonekana hayana neno mara nyingi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Semeni "sin puerco, sin manteca", yaani bila nguruwe, bila mafuta yake, na mrudie. Papadzules, chapati za mahindi zenye mayai na rojo la mbegu za maboga, zitawafaa, na samaki wapo. Supu ya ndimu ni ya kuku, lakini uchinjaji wake msiutarajie kuwa wa halali. Pilipili ya habanero huletwa pembeni. Hata mtu wa Tanga aonje kwanza.

Kwa nini niende mbali hivyo? Si tuna mapango ya maji Zanzibar? (Msema Kweli, Dar es Salaam)

Tunayo, na nakuunga mkono. Pango la Kuza kule Jambiani na la Maalum kule Paje ni kazi ile ile ya maji ndani ya mawe ya chokaa, hapo yakiwa ya matumbawe. Magofu nayo tunayo, Kilwa Kisiwani na Gedi, yote katika orodha ya UNESCO. Kama nauli ya Meksiko inakuumiza kichwa, anza na hayo. Waliouliza hapa wengi wao wako Amerika tayari.

Nibebe fedha kiasi gani, na bakshishi inakwendaje? (Mhasibu, Dallas)

Bebeni peso, noti ndogo ndogo. Kiingilio cha mgeni Chichén Itzá kinazidi peso 600, na hulipwa sehemu mbili, ya serikali kuu na ya jimbo. Safari nyingi za bei rahisi hazijakijumuisha, watakudai ndani ya basi. Mwongozaji aliyewafaa mpe asilimia 10 hadi 20 ya bei ya safari, dereva mpe chake mkononi. Wauza vinyago wamejipanga ndani ya magofu kwenye kila njia, na bei inashuka kadiri unavyokaribia kutoka. Ile filimbi inayonguruma kama chui mkubwa wa kule, jagwa, watoto wataililia. Inunue, lakini uifiche mpaka mfike nyumbani, la sivyo basi zima litakuchukia kwa saa mbili na nusu.