Kaka Mkubwa Anajibu: "Tuko wanaume arobaini kanisani na sina rafiki hata mmoja"

SWALI: Shikamoo kaka. Mi nina miaka 41, nina mke na watoto watatu, nimehamia Dar kikazi kutoka Njombe huu mwaka wa sita. Kanisani niko kwenye umoja wa wanaume, tuko kama arobaini kwenye grupu la WhatsApp na kikao ni kila Jumapili ya pili baada ya ibada. Sasa mwezi uliopita nilifiwa na baba nikaenda kuzika. Kwenye grupu niliandikiwa "pole sana mpendwa" zaidi ya thelathini, rambirambi walituma, hilo sikatai, ila niliporudi hakuna hata mmoja aliyekuja kukaa na mimi hata nusu saa. Mke wangu siku ileile tumeshuka kwenye basi wenzake wa kanisani walishafika, wako jikoni wanapika. Nikajiuliza hivi hawa ni ndugu zangu au ni wachangiaji wenzangu tu? Wanaume ndo tumeumbwa hivi au mi ndo nina kasoro? Nataka nitoke kwenye grupu.
Mpweke, Kimara

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa kufiwa na mzee. Kwenye grupu usitoke kwanza, ukitoka leo watadhani umeibiwa simu.

Kasoro huna. Ila nikuulize, mwenzio wa mwisho kufiwa kabla yako wewe ulifanya nini? Kama uliandika "pole sana mpendwa" ukaweka kiemoji cha mikono, basi ujue na yeye alikaa sebuleni kwake akijiuliza hilohilo unaloniuliza mimi, na inawezekana anaishi mtaa wa pili kutoka kwako. Sikulaumu, na mimi nimeandika pole za namna hiyo nyingi tu, nyingine nikiwa kwenye daladala.

Swali lenyewe ni hili, nyie arobaini mara ya mwisho kufanya kitu cha mikono pamoja ni lini? Sizungumzii kikao. Vikao vyetu wanaume navijua, sala ya kufungua, muhtasari, yatokanayo, nani hajamalizia ahadi ya mavuno, fulana za siku ya wanaume ziwe bluu au kijani (hapo dakika arobaini zinakwenda), mengineyo, sala ya kufunga, kila mtu mbio anakimbilia gari. Hebu niambie mtu atampendea wapi mwenzake hapo, kwenye yatokanayo? Wake zetu sio kwamba wameumbwa kwa udongo mzuri kuliko wetu, ni kwamba wao wanakutana na masufuria. Ukikaa na mtu masaa matatu mnamenya vitunguu vya msiba utajua tu nani halali usiku, nani mtoto wake kafeli, nani kapigwa. Wale waliokuwa jikoni kwako siku ile hawakuanza kupendana siku ile.

Mimi mwenyewe, kuna mzee mmoja kanisani kwetu nilisali naye miaka minne nikimjua kwa gari yake tu, yule wa Corolla nyeupe. Basi ikafika siku ya kumwaga jamvi la darasa la chekechea, tukakodi mashine ya kuchanganyia zege, mashine yenyewe ikafa saa nne asubuhi. Na zege haisubiri mtu, ukishaanza lazima umalize. Tukajipanga mstari, machepe huku, makarai huku, kila mtu anapokea kwa huyu anampa yule, na nyuma yangu alikuwa huyo mzee wa Corolla. Sasa karai la zege ukimpa mtu hovyo linamwangukia mguuni, kwa hiyo unalazimika kumwangalia mwenzio, mikono yake imeshika, haijashika, kachoka, hajachoka. Kufika saa saba nilikuwa nimemwangalia yule mzee kuliko miaka minne yote ya Jumapili.

Ilipofika kama saa nane akaniambia, wala hakunitazama usoni, kwamba mwanae wa kwanza yuko soba, kule wanakosaidiwa kuacha madawa na ulevi, mwezi wa tatu sasa, na kanisani hajamwambia mtu. Sikuwa na la kumjibu. Nikapokea karai nikapeleka mbele. Yakapita kama makarai kumi hivi nikajikuta na mimi namwambia kwamba kazini nilishaachishwa, wiki ya pili naaga nyumbani asubuhi naenda kukaa tu mjini, mke wangu hajui. Akasema "mwambie leo." Basi, hakuongeza neno. Jioni vidole vilikuwa vimetafunwa na simenti hata ngumi haikunji, nikamwambia mke wangu huku ananipaka mafuta ya nazi. Yule mzee mpaka leo ndo mtu wangu, mama alipofanyiwa upasuaji alilala na mimi kwenye benchi la hospitali usiku mbili. Na hatujawahi hata siku moja kukaa tukasema tuwe marafiki.

Ule mstari wa chuma hunoa chuma tumeuandika kwenye fulana mpaka umechoka. Kajaribu kusoma Nehemia 3, ile sura tunayoirukaga kwa sababu ni majina matupu. Ni orodha ya watu wanaojenga ukuta wa Yerusalemu, na baada yake akajenga fulani, na baada yake akajenga fulani, kila mmoja katajwa kwa aliyekuwa ubavuni mwake. Wamo mafundi dhahabu, yumo mtengeneza marhamu, yumo Shalumu na binti zake, sasa hao walijua nini kuhusu mawe? Na mstari wa 5 kuna wakuu wa Tekoa waliokataa kutia shingo zao kazini, wameandikwa na wao, aibu yao inasomwa mpaka leo. Ukuta uliisha kwa siku 52.

Na kama unaona hayo ni ya zamani sana, chukua uamsho wa huku kwetu, ule uliowafanya watu wa Rwanda, Uganda mpaka Bukoba kuitana ndugu. Daktari Mwingereza, Joe Church, alifika hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, mwaka 1928, akakutana na njaa kali. Mwaka uliofuata akaenda Kampala amechoka hoi, akakutana na Mganda Simeoni Nsibambi, wakakaa siku mbili wanasoma Biblia na kuomba. Lakini sehemu ninayoipenda mimi ni ya Yosiya Kinuka, msaidizi wa huyo daktari palepale hospitali ya Gahini. Hao wawili walikuwa hawapatani. Yosiya akaenda kwa Nsibambi na malalamiko yake ya kazini, akarudi mtu mwingine, na yeye na daktari wakaja kuwa bega kwa bega miaka na miaka, wakitubu kila mmoja mbele ya mwenzake. Mzungu kumwomba radhi Mwafrika zama zile za ukoloni haikuwa kitu cha kuona kila siku, wewe fikiria. Na hawakukutana kwenye semina ya upendo, walikuwa na wagonjwa wanaohitaji kuhudumiwa, kila asubuhi, wapende wasipende.

Kwa hiyo usipeleke hoja ya "tuwe na umoja" kikaoni, itaundiwa kamati. Tafuta kazi moja yenye mwanzo na mwisho. Paa la mjane kwenye jumuiya yenu, choo cha watoto wa sunday school, hata yale mabenchi yaliyovunjika yaliyorundikwa nyuma ya kanisa, maana kila kanisa yapo. Wakija saba kati ya arobaini wanatosha, tena saba ni wengi. Wasioweza kubeba wakae wahesabu misumari na kupiga stori, wazee ndo wenye stori. Picha msipige. Na wiki hii, kabla ya yote hayo, mtafute mmoja kwenye grupu aliyefiwa mwaka huu uende kwake. Usimpigie kwanza, atakwambia "usisumbuke". Nenda.

SWALI: Kaka mi langu ni kinyume. Mume wangu ana hao wanaume wa kanisani, kila Jumamosi wanajengea watu nyumba huko, mara wamekwenda kuona wagonjwa, mimi huku bomba linavuja mwezi wa pili na mtoto anamuulizia baba yake. Nikisema naambiwa napinga kazi ya Mungu.
Mama J, Mwanza

JIBU: Hupingi kazi ya Mungu shemeji, unapinga maji kumwagika. Hapo mume wako kakosea, tena huyo anayekwambia kwamba unapinga kazi ya Mungu kakosea zaidi. Ila usiwafukuze hao wanaume, watumie! Jumamosi ijayo mwambie waje kwenu, bomba ndo kazi yenyewe, wewe weka pembeni sufuria la makande na chai ya tangawizi. Wanaume sita watalizunguka bomba moja, watano watakuwa washauri, mmoja atalitengeneza, na mtoto atashika tochi atajiona fundi mkuu. Vikundi vinavyodumu ndivyo vinavyofanya, Jumamosi moja ya watu wa nje, nyingine inazunguka nyumba za wenyewe, na mbili hakuna kitu, mtu anakaa na wanae. Akigoma hata hilo, niandikie tena, maana hapo kutakuwa na kitu anachokikimbia nyumbani na sio bomba.

SWALI: Mi ni dereva wa lori, Dar kwenda Zambia na Kongo. Jumapili inanikuta kwenye foleni ya Tunduma au porini. Kanisani kwetu hata jina langu hawalijui. Huo undugu wenu mtu kama mimi anaupata wapi?
Dereva

JIBU: Hapohapo kwenye foleni, kaka. Tairi likipasuka Kitonga usiku nani anasimama? Wa kanisani kwenu au dereva usiyemjua anayeshuka na jeki yake? Nyie kazi ya pamoja mnayo tayari kuliko hao wa Kimara, kilichobaki ni mmoja wenu kusema "jamani leo Jumapili" kabla ya kuwasha jiko la mkaa. Mkiwa wawili na Biblia ya kwenye simu inatosha, huyo wa lori la mbele nadhani na yeye anasubiri mtu aanze. Niandikie ukifika Kapiri Mposhi uniambie mlikuwa wangapi.