Kutafuta asili ya mzazi Ireland: anza na kitongoji, jina litafuata

Mama mkwe wangu alizaliwa Ireland mwaka 1953, akaasiliwa akiwa mchanga. Wazazi waliomlea hawakumficha, lakini kuhusu mama aliyemzaa alikuwa na jina tu: Bridget, na ukoo ambao ukiutaja kule kusini-magharibi wanageuka watu kumi. Katika familia nzima mimi ndiye mwenye subira ya kukaa mbele ya kompyuta usiku, kwa hiyo kazi ikaniangukia. Tangu hapo napata maswali kutoka kwa Wakenya na Watanzania wenzangu. Wengine wameoa au kuolewa huku, wengine baba zao walikuwa watu wa Ireland waliofanya kazi Afrika Mashariki kisha wakaondoka. Nawajibu wote hapa.

Acha kufukuza jina, tafuta mahali. Ireland imegawanywa katika vitongoji takriban 61,000, vyenye majina na mipaka ya tangu zamani, na kitongoji kimoja huenda kikawa na nyumba tano tu. Majina ya watu, kwa upande mwingine, ni machache na yanahamahama. Bridget wa kwenye karatasi moja ni Delia kwenye nyingine, Biddy nyumbani, na Brigida kwa padri anayeandika Kilatini. Ile O' mwanzoni mwa ukoo leo ipo, kesho haipo. Ukiwa na jina na kaunti peke yake, utapata akina Bridget wa kujaza basi. Ukiwa na kitongoji, utajua hata jirani yao alikuwa nani.

Tatizo ni kwamba kwa mtoto aliyeasiliwa, cheti cha kuzaliwa hakikupeleki kwenye kitongoji hicho. Uandikishaji wa awali haukufutwa, bado uko daftarini; kilichofichwa kwa miaka mingi ni kiungo kati yake na rejista ya walioasiliwa. Sheria ya mwaka 2022 ya taarifa za kuzaliwa ilifungua mlango huo, na huduma ikaanza Oktoba mwaka huohuo. Ukiwa na umri wa miaka 16 na kuendelea unaomba kwa Adoption Authority, mamlaka ya kuasili, au kwa Tusla, shirika la serikali la watoto na familia, bila malipo. Hata kama mzazi amesajili kwamba hataki mawasiliano, cheti unapewa. Ila kwanza utapigiwa simu na kuelezwa msimamo wake.

Sasa angalia cheti chenyewe. Safu ya baba iko tupu. Pahali pa kuzaliwa ni nyumba ya kina mama na watoto, zile taasisi ambako wasichana waliobeba mimba nje ya ndoa walipelekwa. Ripoti ya tume ya uchunguzi, iliyotoka Januari 2021, ilihesabu kina mama wapatao 56,000 na watoto 57,000 katika taasisi 18. Wengi walipelekwa mbali na kwao makusudi, majirani wasijue. Kwa hiyo kaunti iliyoandikwa pale usiichukulie kuwa ndiyo kwao. Nimekutana na mtu aliyetumia muda mrefu akipekua Cork kwa sababu mama yake alijifungulia Cork, kumbe ukoo mzima uko Kerry.

Ndiyo maana nasema usiishie kwenye cheti. Omba faili zima: kitabu cha kupokelea, barua, chochote kilichobaki. Faili la mama mkwe lilikuwa na mistari michache tu. Umri wa Bridget 26, binti wa mkulima, baba anaitwa Denis, na jina la mji wenye posta. Posta moja huhudumia vitongoji vingi, lakini hapo tayari tulikuwa na pa kusimama.

Tovuti ya serikali, irishgenealogy.ie, inaonyesha bure picha za daftari zenyewe: kuzaliwa baada ya miaka 100 kupita, ndoa baada ya 75, vifo baada ya 50. Ukipiga hesabu, Bridget alizaliwa yapata 1927, hivyo mtandaoni hayumo. Watu wengi hukata tamaa hapa, na hakuna sababu. Ndoa ya wazazi wake ilikuwa imeshafunguliwa, na vivyo hivyo kuzaliwa kwa kaka na dada zake wakubwa. Tulitafuta akina Denis wa ukoo ule waliooa katika wilaya ile ya usajili, tukawapanga, kisha tukaangalia ni yupi watoto wake walizaliwa karibu na ile posta. Cheti cha ndoa ndicho chenye utajiri kuliko vyote: makazi ya bwana na bibi harusi, kazi zao, majina ya baba zao na kazi za baba zao. Kitongoji kikajitokeza hapo. Halafu, kwa kuwa kutokuwemo mtandaoni hakumaanishi kufungwa, tuliagiza nakala ya kuzaliwa kwa Bridget kutoka ofisi kuu ya usajili. Nakala ya utafiti ni yuro 5. Cheti rasmi ni ghali zaidi na hakikuongezei neno.

Kuanzia hapo, sensa. Zilizobaki nzima ni za 1901 na 1911, ziko bure kwenye tovuti ya Nyaraka za Taifa. Ya 1926 ilipangiwa kufunguliwa Aprili 2026. Za karne ya kumi na tisa karibu zote zimepotea: nyingine ziliungua kwenye jengo la mahakama la Four Courts mjini Dublin mwezi Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, nyingine serikali yenyewe iliziharibu. Usipoteze muda kuzililia.

Lakini hizo mbili zilizobaki! Fomu ya 1911 ilimuuliza mke ameolewa miaka mingapi, amezaa watoto wangapi waliotoka wakiwa hai, na walio hai bado ni wangapi. Mama yake Denis alijibu: miaka 38, watoto 11, walio hai 9. Miaka 38 inakurudisha 1873, na ndoa ya Kikatoliki ya mwaka huo ipo daftarini kwa sababu usajili wa wote ulianza 1864. Usiishie kwenye ukurasa wa majina. Fungua fomu nyingine za kitongoji kilekile: ya nyumba na ya mabanda. Tuliona paa la nyasi, madirisha mawili mbele, zizi la ng'ombe, banda la nguruwe. Mama mkwe aliyatazama hayo madirisha muda mrefu kuliko jina lolote tulilompa.

Umri wa kwenye sensa usiuamini hata kidogo. Babu yake Bridget alikuwa na miaka 58 mwaka 1901, na 72 mwaka 1911. Kati ya hapo ilikuja pensheni ya wazee, iliyoanza kulipwa Januari 1909 kwa waliotimiza miaka 70, na nchi nzima ikazeeka ghafla. Tarehe za kuzaliwa nazo zina mambo yake. Aliyechelewa kuandikisha mtoto aliogopa faini, basi akaisogeza siku mbele. Ukiona mtoto kabatizwa kabla ya kuzaliwa, fuata ubatizo. Vitabu vya parokia za Katoliki hadi yapata 1880 vimewekwa mtandaoni na Maktaba ya Taifa, bure. Kilatini chake ni cha majina tu, kinazoeleka upesi.

Kitu kimoja kilinifanya nijisikie nyumbani. Familia nyingi za huko zilimpa mvulana wa kwanza jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, karibu sawa na sisi Wakikuyu. Mtu wa kwetu ataweza kukisia jina la kizazi cha juu kabla hajaliona, kisha aende kulithibitisha. Makisio yasiyothibitishwa yasiingie kwenye mti wa familia, hata yakipendeza namna gani.

Kwa upande wa baba, karatasi zikiwa kimya, kinachobaki ni kipimo cha DNA. Vivyo hivyo kwa baadhi ya waliozaliwa kabla ya 1953, maana sheria ya kuasili ilianza kutumika Januari mwaka huo, na kabla yake, na hata baadaye, baadhi ya watoto waliandikishwa kana kwamba wamezaliwa na waliowalea. Cheti cha namna hiyo ni uongo mtupu. Usitegemee kumkuta baba kwenye orodha ya ndugu inayotoka kwenye kipimo. Utakuta binamu wa pili na wa tatu, wengi wao Boston au New York, na kazi yako ni kuuliza babu zao walitoka kitongoji gani. Umeona tumerudi palepale.

Ukishawapata walio hai, tulia. Huenda mama aliolewa baadaye na hakumwambia mtu. Usibishe hodi, usiandike Facebook. Tusla na Adoption Authority wana wafanyakazi wa kupeleka ujumbe, watumie hao kwanza. Bridget mwenyewe alikuwa ameshafariki Uingereza, aliyebaki ni mpwa wake, kwenye shamba lilelile. Tuliandika ukurasa mmoja, picha moja, namba ya simu, na sentensi iliyosema wazi kwamba hatudai ardhi. Kisheria aliyeasiliwa hana urithi kwa familia iliyomzaa, lakini iandike hata hivyo, tena juu, wala usiizungushe. Mkulima wa Kerry na mkulima wa Nyeri wakipata barua ya ndugu wasiyemjua, wote wawili wanawaza shamba kwanza.