Machipuo huja na njaa: pika sikukuu kwa kilichopo

Mwaka ule nilijitia ubingwa. Pasaka ilikuwa imeangukia mapema, mwisho wa Machi, nami nikatangazia ukoo mzima kwamba safari hii mambo ya viazi vya ghalani na maharage makavu basi, tunakula machipuo. Nikanunua njegere mbichi, asparaga, viazi vichanga, paja la mwanakondoo, na stroberi za kupambia keki. Vyote vilikuwepo, vinang'aa, kwa hiyo sikujiuliza vimetoka wapi wala vimesafiri siku ngapi.

Mezani wifi yangu akatia kijiko kimoja cha njegere mdomoni, akatafuna, akaendelea kutafuna, kisha akaniuliza kwa upole kabisa: "Wifi, hizi umezichemsha au umeziosha tu?"

Nilikuwa nimezichemsha dakika ishirini. Bado zilikuwa kokoto, na rangi yake imekuwa kama sare ya jeshi iliyofuliwa mara mia. Asparaga ilikuwa na nyuzi za kushonea gunia. Stroberi nyekundu nje, nyeupe ndani, utamu hata wa kusingiziwa haupo. Vilivyoisha kabisa siku ile vilikuwa viwili: mayai ya kuchemsha, na sinia la nanaa na vitunguu vya majani ambalo mimi nililiweka liwe pambo tu. Watu walichovya majani kwenye chumvi wakala na yai, wakarudi tena. Nilinuna, halafu nikaanza kufikiri.

Neno kwanza. Wapo wanaoyaita majira haya masika kwa mazoea ya tafsiri, lakini masika ni mvua, na haya ni mbegu kutoboa udongo baada ya baridi. Mimi nasema machipuo, na neno lenyewe linakuonya: kitu kinachipua, hakijaiva. Kaskazini mwa dunia majira haya huhesabiwa kuanzia tarehe 19 hadi 21 Machi, siku mchana na usiku vinapokaribia kulingana. Mwanga unarudi upesi, ila udongo hupata joto taratibu sana. Njegere iliyopandwa wakati huo inataka kama miezi miwili ndipo ichumwe. Stroberi za shambani, zisizo za chini ya nailoni, ni za Mei na Juni. Kwa hiyo siku ile ya ubingwa wangu, bustani zilikuwa tupu, na ghala nazo zilikuwa zinaishia: viazi vimeota macho, vitunguu vimechomoa majani. Waingereza wanakiita kipindi hiki pengo la njaa, na ndivyo kilivyo. Tunadhani machipuo ni wingi, kumbe kwa mpishi wa zamani hii ndiyo ilikuwa miezi ya kukwangua pipa.

Sasa tazama walichofanya hao wa zamani na hilo pengo. Kuku wa kienyeji, asiyewashiwa taa bandani, hupunguza kutaga siku zinapokuwa fupi. Anataka mwanga wa saa kama 14 ndipo atage kwa kasi. Siku zikirefuka, mayai yanarudi, na yanarudi wakati ule ule wa Kwaresima. Katika Ulaya ya zama za kati Kanisa lilikataza mayai kwenye mfungo, ndiyo maana Jumanne ya kabla ya Jumatano ya Majivu ikawa siku ya kumaliza mayai na siagi kwa kukaanga chapati laini. Lakini kuku hafungi. Aliendelea kutaga wiki sita, mayai yakarundikana, na Pasaka ikifika hakuna chakula kilichokuwa kingi kuliko hicho. Waorthodoksi wengi bado wanajinyima mayai na maziwa mpaka usiku wa Pasaka, kisha wanagonganisha mayai yaliyopakwa rangi nyekundu.

Kwa Wayahudi, kwenye mlo wa Pasaka yao mna jani bichi la kuchovya katika maji ya chumvi, mboga chungu, mkate usiotiwa chachu, na yai. Wairani wanaousherehekea Nowruz, mwaka mpya unaoanza siku ile ya mchana na usiku kulingana, huweka mezani ngano au dengu iliyooteshwa kwenye sahani pamoja na mayai ya rangi, na hula wali uliojaa majani mabichi yaliyokatwakatwa, na samaki. Njegere hakuna. Stroberi hakuna. Ni yai na jani, juu ya nafaka ya mwaka jana. Wageni wangu waliliona sinia la nanaa wakalijua kazi yake kabla yangu.

Basi ushauri wangu wa kwanza: kabla hujapanga chochote, angalia sikukuu imeangukia lini. Pasaka ya Magharibi, yaani ya Wakatoliki na Waprotestanti, inaweza kuwa siku yoyote kuanzia tarehe 22 Machi hadi 25 Aprili, kwa sababu inafuata mwezi mpevu. Mwaka 2024 ilikuwa 31 Machi. Mwaka 2025 ilikuwa 20 Aprili, na safari hiyo Waorthodoksi na Wakristo wa Magharibi wakasherehekea siku moja. Wiki tatu si kitu kwenye kalenda ya ukutani, ila bustanini ni dunia nyingine. Idi nayo inatembea, inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka: mwaka 2023 Idi ya Fitri ilikuwa ya Aprili, mwaka 2026 ikawa ya Machi. Na ukiwa kusini mwa dunia, Australia kwa mfano, Pasaka inakukuta kwenye majira ya mavuno, kwa hiyo tupa nusu ya mapishi ya Pasaka unayoyaona mtandaoni, uchukue boga na matofaa.

Sikukuu ikiwa ya mapema, mimi siku hizi napika chakula cha baridi bila aibu, viazi, maharage, vitunguu vya kuoka mpaka viwe na utamu, halafu machipuo nayaweka juu. Konzi nzima ya majani, si kibana cha vidole. Nanaa, kotimiri, vitunguu vya majani, majani ya figili, hata yale machipukizi ya kitunguu kilichoota kabatini, yanalika vizuri tu. Viazi vilivyoota, hapana, hapo nina ukali: ng'oa macho yote, na kama ngozi imekuwa ya kijani menya kwa kina au tupa, kwani hiyo kijani ni ishara ya sumu kujikusanya na kupika hakuiondoi.

Nirudi kwenye mayai, maana hapa ndipo nilipoharibu zaidi ya mara moja na hapa ndipo pana siri.

Yai bichi la leo halimenyeki. Nilikuwa nanunua mayai mapya kabisa kwa ajili ya sikukuu, nikijisifu, kisha nashinda kwenye sinki nikibandua vipande huku ute unaondoka na ganda, yai linatoka kama limetafunwa na panya. Yai likikaa, hewa ya kaboni iliyomo ndani hupenya kwenye ganda na kutoka, ute unapunguza ukali wake wa asidi, na ngozi ya ndani haiugandi tena. Kwa hiyo nunua mayai wiki moja hadi siku kumi kabla, yaweke kwenye friji. Usiyaanze kwenye maji baridi. Maji yachemke kwanza, uyashushe kwa kijiko moja moja, upunguze moto yasigongane, dakika kumi au kumi na moja, halafu moja kwa moja kwenye bakuli la maji na barafu. Ile pete ya kijani kuzunguka kiini ni chuma na salfa vilivyokutana kwa sababu umechemsha kupita kiasi. Haina madhara, ila kwenye sahani ya sikukuu inakuaibisha.

Rangi usinunue. Maganda makavu ya vitunguu, ya kujaza sufuria ndogo, chemsha nusu saa, chuja, tia kijiko cha siki: yai linatoka na wekundu wa matofali. Manjano ya unga yanatoa njano kali. Kabichi nyekundu, hili lilinishangaza, linatoa buluu, na ukiacha mayai humo usiku kucha ndani ya friji buluu inakuwa nzito kama wino. Yakishakauka pitishia tone la mafuta kwa kitambaa. Lakini kama unataka kuyala, yasikae mezani mchana kutwa yakipigwa picha. Saa mbili nje ya friji zinatosha, na ndani ya friji yaishe katika wiki moja. Ya pambo na ya kula ninayatenga tangu mwanzo, kwa sababu watoto hawaelewi hizo hesabu.

Njegere zangu je? Zilikuwa na makosa mawili, moja la kwangu na moja si langu. Njegere ikichumwa, sukari yake inaanza kugeuka wanga saa hiyo hiyo. Iliyosafiri siku nne ikiwa mbichi haitakuwa tamu hata uipikeje. Zile za kugandishwa kwenye mfuko huwa zimetumbukizwa maji ya moto na kugandishwa muda mfupi baada ya kuchumwa, kwa hiyo mwezi Machi ndizo bora, nami sioni haya kuzimwaga mbele ya mgeni. Dakika mbili kwenye maji yanayochemka, siagi, chumvi, basi.

Kosa la kwangu lilikuwa rangi. Nilikamulia limau ndani ya sufuria tangu mwanzo nikaifunika. Kijani cha mboga hushikiliwa na magnesiamu, na asidi ikiikuta kwenye joto inaing'oa, inabaki ile rangi ya sare. Mboga yenyewe ina asidi yake. Ukifunika, mvuke unaibeba na kuirudisha chini. Dawa: maji mengi yenye chumvi, sufuria wazi, muda mfupi, limau wakati wa kupakua. Kuna shangazi mmoja atakwambia utie magadi. Ni kweli kijani kitawaka, ila mboga italegea kama karatasi iliyoloa na vitamini nyingine zitakwenda na maji. Mheshimu shangazi, magadi mfichie.

Nyama siisemei sana. Mwanakondoo aliyezaliwa machipuo haya, siku ya Pasaka bado yumo miguuni pa mama yake, kwa hiyo huyo uliyemnunua alizaliwa mapema zaidi au ametoka mbali. Hakuna ubaya, ila usilipie zaidi kwa ajili ya jina. Nunua kipimajoto cha nyama, ukiichomeka katikati ya paja isome nyuzi 63, uitoe, uifunike uache ipumzike dakika ishirini kabla ya kisu. Ule muda wa kupumzika ndio wa kuchemshia njegere. Mimi zamani nilikuwa nakata papo hapo kwa kuogopa watu watasubiri, mchuzi wote unabaki ubaoni.

Na punguza idadi ya vyakula, tafadhali. Vinne vinatosha. Yai, sinia la majani, kitu kimoja kizito cha ghalani, na nyama au samaki. Kile cha tano ndicho huwa kinaungua.

Mfupa wa paja uchemshe kesho yake na maharage makavu uliyoyaloweka usiku, tia vitunguu vyote vilivyoanza kuota, na majani yaliyobaki kwenye sinia, kama yalibaki. Kwangu hayabaki.

Juni ya mwaka ule ule nilimwita wifi tena, siku ya kawaida tu, isiyo na jina. Njegere zilikuwa zimefika kweli, maganda yamejaa, yanalia ukiyabonyeza. Nikaweka beseni kati yetu tumenye huku tunaongea, mimi nikiwa nimeshateleka maji. Alimenya ganda la kwanza, akazitupia mdomoni mbichi. La pili vile vile. Tulipomaliza, maji yalikuwa yanachemka na ndani ya beseni mna kama kikombe kimoja. Akaliinamia, akaniangalia: "Wifi, hizi nazo unataka kuzichemsha?"

Nikazima jiko.