Ctrl+C wakati wa kuuliza nywila: kwa nini teminali inabaki bubu

Swali: Assalaam alaikum. Naandika programu ya C ya kusimba faili za PDF kwa ofisi ya mawakala wa forodha karibu na Kilindini. Karani akibonyeza Ctrl+C nywila inapoulizwa, programu inachapa "Imesitishwa" kisha inatoka kwa exit(1). Baada ya hapo kila anachoandika hakionekani. Tena, nikizipitisha faili kwenye kitanzi cha skripti ya bash (programu inayopokea na kutekeleza amri), Ctrl+C haikatishi kazi, inarukia faili inayofuata. Tatizo liko wapi? (Msomaji, Likoni)

Jibu: Waalaikum salaam, ndugu yangu. Tabu zote mbili zinatoka kwenye hiyo exit(1).

Ili nywila isionekane, ulizima ECHO, mpangilio unaoonyesha herufi zinazoandikwa, kwa tcsetattr. Mpangilio huo ni wa teminali (dirisha la kuandikia amri), si wa programu yako, kwa hivyo programu ikiondoka hauondoki nayo. Bash huwa inarudisha mpangilio wake ikiona programu imeuawa na ishara. Lakini wewe umeinasa SIGINT, ishara inayotumwa na Ctrl+C, ukatoka kwa hiari, nayo bash ikaamini kuwa hivyo ndivyo ulivyotaka teminali ibaki. Kwa sasa mwambie karani aandike stty sane, ingawa haoni anachoandika, kisha abonyeze Enter.

Kitanzi nacho ni hivyo hivyo. Ctrl+C inafika kwa programu yako na kwa bash inayoendesha skripti, zote mbili. Bash inasubiri kuona mtoto wake, yaani programu iliyoianzisha, amekufaje. Akifa kwa SIGINT, skripti nayo inasimama; akitoka kwa exit, inachukulia kwamba ameshughulikia mwenyewe, inaendelea. Wapo wanaoandika exit(130) wakidhani wamemaliza. Ukichungulia $?, inayotunza namba ya kutokea ya amri iliyopita, utaona 130 kweli, lakini bash haidanganyiki, maana inatazama namna ya kifo, si namba.

Basi kipokea ishara chako (signal handler, kazi inayoitwa ishara ikifika) kisifanye lolote ila kuandika namba ya ishara kwenye kigeu cha aina ya volatile sig_atomic_t. Ondoa printf humo. Si salama kuitwa katikati ya ishara, wala free, wala exit. Kisajili kwa sigaction bila SA_RESTART, alama inayofanya wito uliokatizwa uanze upya. Ukitumia signal() kwenye Linux yenye glibc (maktaba ya kawaida ya C), read inaanza upya yenyewe, na karani atabonyeza Ctrl+C asione kitu mpaka apige Enter. Bila SA_RESTART, read inarudi na EINTR, kosa la kukatizwa na ishara, nawe unasafisha kwenye mtiririko wa kawaida wa programu:

    tcsetattr(fd, TCSAFLUSH, &zamani);
    explicit_bzero(bafa, sizeof bafa);
    signal(SIGINT, SIG_DFL);
    raise(SIGINT);

Hapo "zamani" ni mpangilio uliouhifadhi kwa tcgetattr kabla ya kuzima ECHO. Na kama bafa, yaani sehemu ya kumbukumbu yenye nywila, ni pointa, sizeof itakupa baiti 8 tu kwenye mashine ya biti 64, nywila iliyobaki ikae kwenye kumbukumbu; taja urefu wenyewe. TCSAFLUSH nimeichagua makusudi. Ishara ikija kutoka kwingine, tuseme SIGTERM (ombi la kuzima programu), herufi ambazo karani alikwishaandika zaweza kumwagika kwenye bash kama amri, na akipiga Enter zinaingia kwenye historia. TCSAFLUSH inazitupa.

SIGTERM na SIGHUP (inayotumwa teminali ikifungwa) zifanyie vivyo hivyo, kila moja ijiue kwa jina lake. Ctrl+Z, inayosimamisha programu kwa muda, inataka zaidi: rudisha ECHO kabla ya kusimama, na programu ikirudishwa kwa fg, zima tena na uulize nywila upya. Usipofanya hivyo, huenda nywila ikaonekana kwa yeyote aliyesimama nyuma yake.

Unabaki mwanya mdogo: ishara ikiingia baada ya kukagua kigeu na kabla ya read, Ctrl+C ya kwanza inapotea. Kwa karani aliyeketi mbele ya kompyuta si jambo kubwa, ataibonyeza tena. Ukitaka kuuziba, zuia ishara kwa sigprocmask na usubiri kwa pselect, ila kumbuka kuzifungulia kabla ya raise.

OpenBSD, mfumo endeshi wa jamii ya Unix, wana kazi ya readpassphrase inayofanya karibu yote haya, na kwenye Linux inapatikana kupitia maktaba ya libbsd. Mimi ningeitumia hiyo kabla ya kuandika yangu. Getpass, kazi ya zamani ya kuuliza nywila, iache; kiwango cha POSIX cha 2001 kiliiondoa.

Jambo jingine: uliza nywila kabla hujafungua faili la kuandikia. Hapo Ctrl+C haitaacha PDF nusu kwenye diski, wala hutahitaji msimbo wa kulifuta.