Kwanini KLM ikitua KIA inapitia Dar

Mdogo wangu umeuliza kwanini KLM, ndege ya Waholanzi, ikitoka Amsterdam ikatua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, haigeuzi hapohapo kurudi kwao, inaenda Dar kwanza. Uwanja hauna shida, upo tangu 1971 na njia ya kurukia ina mita 3,600, ndege kubwa zinatua fresh tu. Ishu ni kujaza viti. Mimi nabeba wageni wa mlima, nasimama pale nje usiku na kibao changu, Julai hadi Septemba wanatoka wengi na mabegi makubwa mpaka mengine tunafunga juu kwenye keria, halafu njoo mwezi wa nne masika yamekolea, unapokea watu wawili unarudi zako Usa River. Sasa wapanda mlima peke yao hawawezi kujaza ndege kubwa mwaka mzima, ndo maana wanachanganywa na abiria wa Dar, wote wanalipia mafuta yaleyale. Mashirika ya Qatar na Ethiopian wao wanakusanya watu wa miji kibao pale Doha na Addis Ababa ndo wanawaleta huku.

Na kuna mzigo, hapa ndo roho inaniuma kweli. Maua na mbogamboga za Arusha nyingi zinapanda malori kwenda kupakiwa Nairobi, wakati zingepakiwa KIA shirika lingepata hela hata abiria wakipungua na ruti mpya ingedumu. Kwahiyo ukisikia ndege mpya inakuja, uliza kama ni ya mwaka mzima au ya msimu tu.